Mlango wa Waya

Redio ya mbali haiji mchana. Hilo pale Nyamugari, mtaa wetu wa Gitega, hata mtoto alikuwa analijua: jua likiwa juu unapata Bujumbura, tena ukibahatika, na jua likizama ndipo stesheni za ng'ambo zinapovuka milima kuja Gitega. Kwa hiyo siku ile redio ya Chabani fundi baisikeli ilipomwita jina lake saa za adhuhuri, wenzake wamesimama safu msikitini, mwenye akili angetoka nje akaacha hata viatu. Chabani hakutoka. Alivuta kigoda akasogea karibu.

Msimcheke haraka. Mtu amekaa peke yake miaka mitano, anakula maharage ya Amisa sokoni kwa kuwa jikoni kwake hakuna wa kuwasha moto, anarudi nyumbani anazungumza na taa. Mtu huyo ukimwita jina lake kwa upendo, hata uwe nani, ataitika.

Mkewe alikuwa Hidaya. Mwaka wa sabini na mbili, ule tunaouita mwaka wa ikiza, balaa la mauaji, Hidaya alikuwa Muyinga kwa wifi yake Mwajuma, dada yake Chabani, amekwenda kumsaidia baada ya kujifungua. Matata yakawakuta hukohuko. Watu wakakimbilia mpaka, Hidaya akachukuliwa na lile wimbi la watu hadi Tanzania, na Mwajuma, mzazi mbichi asiyeweza hata kusimama, akabaki. Tangu hapo kimya. Wala salamu, wala kaburi. Chabani akawa si mume si mgane, na komeo la mlango wake hakulifunga tena, maana huenda Hidaya akafika usiku.

Hidaya alikuwa na mchezo wake, mtaa mzima tulikuwa tunaujua. Akirudi sokoni, nyumba ni yake, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga, lakini lazima asimame mlangoni apige hodi kama mgeni. Hodi ya kwanza, hodi ya pili. Chabani ndani kanyamaza, anacheka peke yake. Unajua dini yetu inasema nini: piga hodi mara tatu, usipojibiwa geuka uende zako. Basi Chabani alikuwa anamngojesha mpaka ile ya tatu, halafu anajibu kwa sauti ya jirani kusikia, "Karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Hidaya anaingia anacheka, moja kwa moja jikoni, na kidogo tu unasikia mawese yanalia kwenye sufuria. Walikuwa hawana mtoto. Walikuwa na hilo.

Sasa, huko ng'ambo kulikuwa na kipindi cha salamu baada ya magharibi. Wakimbizi walikuwa wanatuma majina: fulani wa kilima fulani yuko hai, anamsalimu fulani. Chabani alikuwa hakosi. Lakini kile kiredio chake kilikuwa kinaleta salamu nusu, nusu firimbi, na stesheni moja ya Kongo inaingilia na gitaa. Siku moja, kuelekea mvua za kwanza za mwaka wa sabini na saba, mtangazaji akasema wazi kabisa, "Na Hida..." Gitaa likafunika. Chabani akalia machozi ya hasira. Hidaya? Hidayatulla? Hidaya yupi? Akakaa usiku mzima ameishikilia redio mkononi.

Asubuhi akaja kazini hana rangi. Kazi yake alikuwa anaifanyia barazani kwa Rehmtulla, yule mwenye duka la vyombo na redio, Mhindi wetu, aliyezaliwa Gitega na babake akazikwa Gitega. Rehmtulla ujanani alikuwa anajengea redio zake antena ili asikilize nyimbo za Bombay, kwa hiyo Chabani akamwonyesha ya kwake aliyoijaribu: waya wa shaba alioupata kwenye mota iliyoungua, ameuzungusha kwenye rimu ya baisikeli.

Rehmtulla akacheka hadi miwani ikateleza. "We Chabani! Umezungusha waya kwenye chuma? Chuma inameza sauti, bwana. Iko sawa na kuongea ndani ya pipa."

"Sasa mi nifanye na nini?"

"Mbao. Mbao kavu, na fremu ikuwe kubwa. Ile yako ni sahani. Ukitaka kukamata sauti ya mbali tengeneza kubwa, kama dirisha, kama mlango hata. Zungusha waya pande zote ine, na ncha zake utie kwenye kile kidude cha sahani nyembamba kinatoka kwa redio ya zamani. Utakizungusha polepole mpaka stesheni inanona." Akachukua spoku moja kwenye vyuma vya Chabani, akailaza juu ya kiganja. "Mais lakini shika hii vizuri. Antena hii inasikia na ubavu. Na uso ni kiziwi. Ukiipa stesheni ubavu, inakuja. Ukiipa uso, inakufa. Ubavu ukielekea fasi gani na sauti ikapanda, sauti inatoka kwenye ule mstari."

"Kumbe nitajua yuko upande gani!"

"Pole pole. Mstari iko na ncha mbili." Akagusa spoku huku, akagusa kule. "Haijui mbele na nyuma. Inakuambia njia, haikuambii kwenda ao kurudi."

Ndani Zehrabai, mkewe Rehmtulla, akagonga sahani, ishara ya chakula. "Naam, nakuja!" akaitika mzee bila kufikiri, kama mtu anayepumua. Chabani akaangalia mlango ule aliopitia Rehmtulla mpaka pazia likatulia.

Haya. Mbao kavu ataitoa wapi, na mvua imeanza kunyesha, na kila fundi seremala ana mbao mbichi? Akaangalia nyumba yake. Kati ya sebule na kile chumba cha nyuma cha kupitia jikoni kulikuwa na mlango wa mvule ambao Hidaya alikuwa anaupitia siku nzima akienda na kurudi. Mbao yake kavu, imenyooka, ukubwa uleule aliosema mzee. Akang'oa fremu yote, pamoja na kizingiti. Akaifunga waya pande zote ine. Na kwa kuwa yeye ni fundi baisikeli na alitaka igeuke kwa ulaini, akaisimamisha katikati ya sebule juu ya ekseli na golori, ukiigusa kwa kidole inazunguka yenyewe.

Sasa tazama alichofanya. Amesimamisha mlango katikati ya nyumba, haujashikana na ukuta wowote, na hakuna mtu anayejua ng'ambo yake ni wapi.

Jioni ile redio ikaja kama maji. Chabani aliiweka chini ya fremu, akaigeuza fremu taratibu, na mtangazaji akasimama sebuleni, unasikia hata anavyogeuza karatasi. Majina yakapita. Hidaya hakutajwa. Mtangazaji akaaga, kipindi kikaisha, ukabaki ule mkwaruzo wa redio usio na mtu, ukichemka kama mafuta. Chabani akainamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifungo cha kuzima.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, ya karibu, yenye pumzi ya mtu aliyepanda mlima.

Akaacha kifungo. Mkwaruzo ukaendelea kuchemka.

"Hodi."

Alitaka kujibu pale pale, lakini mwili ulikumbuka mchezo. Mwili una ujinga wake. Akangoja, machozi yanaingia mdomoni, na akaogopa kitu kimoja tu, kwamba ile ya tatu haitakuja.

"Hodi, jamani."

"Karibu!" akapiga kelele mpaka jirani yake Kadidja akasikia. "Karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Redio ikanyamaza. Na ile fremu, ambayo hakuna aliyeigusa, ikageuka kidogo juu ya golori zake, kama mlango unaosukumwa na mtu aliyebeba kitu mikono yote miwili.

Asubuhi yake nyumba ilinuka mawese. Chabani alifungua jikoni: mafiga baridi, jivu la zamani, buibui katika sufuria. Lakini harufu ilikuwepo, mawese ya moto yaliyoanza kubadilika rangi, tayari kwa kitunguu. Alisimama pale akavuta harufu ile kwa macho yaliyofumba, wala hakuogopa, na mi naamini hapo ndipo angepaswa kuogopa.

Adhuhuri ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Redio ilimwita jina lake jua likiwa utosini, naye akasogea karibu, akasikiliza, halafu akakimbia kumwita Rehmtulla. Mzee akaja anahema, amefurahi kwanza, maana ni fahari ya mwalimu kuona kazi ya mwanafunzi. Akaitazama fremu. Akaanza kuuliza kwa nini mlango umeng'olewa. Halafu redio ikachemka, na ile sauti ikasema, polepole, kwa upole mwingi, "Chabani. Umekula?"

Rehmtulla akamtazama. "Huyo nani?"

"Bibi yangu, Hidaya."

"Saa hii? Na hili jua?" Mzee akaweka kidole kwenye fremu, akaigeuza ili aipe ile sauti uso, aiue. Sauti haikufa. Akageuza tena robo, akageuza nusu, akazungusha mzunguko mzima, na kila upande sauti ikabaki ileile, haipandi haishuki, inauliza jambo lilelile ambalo hakuna mtu aliyemuuliza Chabani tangu mwaka wa ikiza, na kila fremu ilipopita mbele ya ule uwazi wa chumba cha nyuma, upepo wenye harufu ya mawese ukapita katikati ya waya na kugusa uso wa mzee.

Rehmtulla akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akanong'ona. "Chabani. Haina upande."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sauti ikitoka mbali iko na upande. Hii haiko nao. Hii..." Akalamba midomo. "Usiulize mi. Toka kwa hii nyumba, peleka hii kitu mbali, usikilize na fasi ingine. Leo, bwana. Leo." Akatoka bila kuaga, yeye mtu wa kuaga mara tatu tatu.

Chabani alikuwa na furaha. Alifikiri mzee amezeeka. Mbona ni rahisi: akienda mahali pengine ubavu utampa njia, naye ataifuata hadi amfikie Hidaya. Akabomoa fremu, akafunga mbao, waya na redio, akapanda lori la kwenda Muyinga kwa dada yake.

Mwajuma alikaa kartie ya Waswahili, mtaa wao kule Muyinga, akishona mashuka, mwanamke wa maneno mengi na moyo mpana. Alimpokea kaka yake kwa kilio, maana kila akimwona Chabani anamwona na Hidaya pembeni. Kaka akaisimamisha fremu uani, akamsimulia habari ya sauti ya Hidaya. Magharibi ilipoingia akaweka redio chini yake, akaanza kugeuza.

Safari hii sauti ilikuwa na upande. Ilikuwa ndogo, kama mtu anayeongea chumba cha pili, ikafa kabisa fremu ilipoelekeza uso kaskazini mashariki, na ikapanda, ikapanda, ubavu mmoja ulipotazama hukohuko, njia ya Butihinda kwenye mpaka.

"Nakungoja," ikasema redio. "Chabani, nakungoja."

Mwajuma akashika kifua. "Yampayinka! Ni yee! Ni sauti ya wifi!"

"Butihinda," akasema Chabani. "Si ndiko wanateremkia wale wanaorudi toka Tanzania? Amerudi, Mwajuma. Ameshavuka. Iko hapa tu!"

Wakakumbatiana wale ndugu wawili wakaruka kama watoto. Chabani hakukumbuka spoku kwenye kiganja cha Rehmtulla.

Asubuhi Chabani akaazima baisikeli, akaenda Butihinda, akauliza nyumba kwa nyumba kwa wale waliorudi. Wakampeleka kwa Bi Pili, mama mmoja aliyekuwa anapiga tofali za kibanda chake kipya. Alikuwa ameongea Kiswahili cha kule muda mrefu, kimemkaa. Aliposikia jina la Hidaya akaacha tope, akanawa mikono vizuri, hadi kwenye viwiko. Chabani alipoona anavyonawa, akaiacha baisikeli ikaanguka.

"Kaka yangu, kaa chini."

"Sitaki kukaa. Iko wapi?"

"Hidaya ametangulia mbele ya haki. Ni mwaka uleule tuliovuka, mvua zilipoanza. Homa tu, siku chache. Mimi mwenyewe nilimwosha, mimi na mwenzangu Fatuma. Tulimzika vizuri, usiwe na shaka." Akamshika bega. "Nilikutafuta kwa watu wanaokuja huku, sikupata wa kukuletea habari. Nisamehe."

"Yee alinisalimu kwa redio. Juzi. Jana."

Bi Pili akamtazama kwa huruma. "Kaka, redio tuliipata wapi?"

Chabani akakaa chini kwenye tope. Akamlilia mkewe pale, kilio cha miaka mitano kilichokuwa kimekosa ruhusa, na wanawake wa Butihinda wakaja wakakaa kando yake bila kumwuliza ni wa nani. Alilia mpaka akachoka, na alipochoka akakumbuka ile spoku ya baisikeli ikiwa imelala kwenye kiganja, kidole cha mzee kikigusa ncha ya huku halafu ncha ya kule, na akageuza shingo polepole kutazama kusini, njia aliyotoka, kupita Muyinga, kupita milima yote ile, hadi kwenye sebule aliyoiacha bila komeo, ambako kitu kilichosema kinamngoja kilikuwa kinamngoja.

Alirudi Muyinga amekauka. Mwajuma akapiga yowe la msiba, majirani wakaja, dua ikasomwa. Watu walipoondoka ndipo Chabani akasema yote, na hodi, na karibu, na mawese.

Mwajuma akaziba mdomo wa kaka yake kwa kiganja. "Sema chini." Akaangalia uani, ile fremu imesimama. Akanong'ona kwa hasira, hasira ya woga. "We uko na akili kweli? Umeng'oa mlango ukauweka katikati ya nyumba. Ukasikia hodi, mtu haonekani. Hodi tatu! Angepiga tatu angeenda zake, ni desturi, hata wao wasioonekana wanaifuata. We ukasema karibu. Ukasema na mgeni njoo mwenyeji apone! Sasa unashangaa nini?"

"Ilikuwa sauti yake, Mwajuma."

"Na we ulitaka apige hodi na sauti ya nani?"

Wakamwita Mwalimu Houssein, anayesomesha watoto Kurani pale, mtu mpole ambaye kuku wake mwenyewe walikuwa hawamwogopi. Alisikiliza yote. Akaizunguka fremu akisoma kwa sauti ndogo, akaagiza kuni, akaichoma palepale uani. Mbao ya mvule, kavu miaka yote ile, iliungua kwa moshi mwekundu mzito, ikanuka mawese, mpaka mtoto wa Mwajuma akauliza kunapikwa nini.

"Mlango umekufa," akasema Mwalimu. "Mais mgeni alishaingia."

"Twende wote, Mwalimu," akaomba Mwajuma. "Ukamtoe."

Akatikisa kichwa. "Mi nikienda nisome, ataniuliza: we ni nani? Mwenye nyumba alisema niingie. Na atakuwa na haki. Aliyemkaribisha ndiye atamtoa." Akamgeukia Chabani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Sikia vizuri. Utafika kungali jua. Utasikia sauti ya marehemu, itakuwa tamu. Mwambie: we si Hidaya, Hidaya yuko kwa Mola wake, hii nyumba ni yangu, toka. Mara moja inatosha, mais utoe moyoni. Na ukifika pale mlangoni usipige hodi. Unasikia? Hodi ni ya mgeni. Anayepiga hodi ni mgeni, na anayejibu ndiye mwenyeji. Ukipiga hodi kwako, umemwachia nyumba. Na we utakuwa umeingia kwake."

"Nimesikia."

"Sema tena."

"Sipigi hodi."

Mwajuma alimsindikiza hadi kwenye lori. Alimwambia abaki Muyinga, auze ile nyumba ya Gitega hivyohivyo na mgeni wake ndani, aanze upya. Kuna mwanamke mzuri mtaa wa pili, mjane, anapika vizuri. Chabani akatabasamu kidogo. "Nikimtoa nitarudi," akasema. Mwajuma alishika ubao wa lori mpaka lori likaondoka na kumwacha mkono hewani.

Njiani alikuwa anasema maneno yake. We si Hidaya. Toka. Abiria walidhani anagombana na mkewe kichwani, wakacheka, na mmoja akamwambia, samehe tu bwana, nyumba bila mwanamke ni pango. Chabani hakumjibu. Alisema maneno yale hadi yakawa laini mdomoni, hayana ukali tena, na kila aliposema "we si Hidaya" ilikuwa ni kama anamzika mara ya pili, safari hii yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Aliteremka Gitega alasiri, jua liko bado. Alipita barazani kwa Rehmtulla. Mzee alimwona, akainuka, akainua mkono. Kadidja jirani alikuwa anaanua nguo. Yeye ndiye aliyetuambia yaliyobaki. Anasema alimkuta Chabani amesimama mbele ya mlango wake na mfuko wenye redio mkononi, na alitaka kumwambia, kumbe umeoa, mbona hukutualika, maana tangu alipoondoka nyumbani humo kulikuwa kunapikwa, harufu nzuri, na vyombo vinalia, na mwanamke anaimba kwa sauti ya chini. Lakini aliona uso wa Chabani, akarudi kwenye nguo zake.

Chabani alifungua mdomo. Kadidja anasema alisikia "We si..." basi.

Ndani mawese yalikuwa yanalia kwenye sufuria. Kifuniko kikawekwa. Ndara zikaburuzwa sakafuni, zile hatua za mtu anayejua kila kitu kiko wapi, na mlangoni, ng'ambo ya ubao tu, sauti ile ikauliza, "Chabani? Umekula?"

Hapo alikuwa na neno moja la kusema na alikuwa amelibeba kutoka Muyinga. Akilisema, nyumba itakuwa yake, safi, kimya, na jivu baridi jikoni, na maharage ya Amisa, na taa ya kuzungumza nayo, leo na kesho na mwaka ujao, na Hidaya atakuwa amekufa kweli. Alikuwa anajua si yeye. Kadidja anaapa kwamba alijua, kwa jinsi alivyokuwa anatikisa kichwa huku analia, hapana, hapana, kama mtu anayekataa chakula akiwa na njaa. Akaweka mfuko chini. Akajifuta uso kwa mkono wa shati, akarekebisha kofia.

"Hodi," akasema Chabani.

Ndani kimya. Mtu kanyamaza, anacheka peke yake.

"Hodi."

Kadidja anasema aliweka nguo chini, akapiga hatua moja kuelekea kwake.

"Hodi, jamani."

"Karibu!" ikajibu ile sauti, kwa furaha, kwa nguvu ya mtaa mzima kusikia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Chabani akavua viatu, akachukua mfuko, akaingia.

Viatu vile viko palepale mlangoni, mvua imevinyeshea. Chabani hajaonekana barazani tena, na mwenyeji wa nyumba ile bila shaka amepona. Mchana, watu wakiwa kwenye sala, ukipita utasikia mkwaruzo wa redio, na sauti ya mwanamume imekuwa ndogo, ya mbali, inauliza kama kuna mtu nje. Usimjibu. Mi hadithi yangu nimeifikisha hapo mlangoni, na sikupiga hodi.